Unauza nyumba ya pili Mbeya au Iringa? Maliza kodi ya TRA kabla hujagusa hela

Maswali ni yaleyale. "Hiyo asilimia 10 ni ya bei yote?" "Si anayenunua ndiye analipa?" "Nyumba ya Uyole nimeijenga kidogokidogo kwa miaka tisa, risiti nitazitoa wapi leo?" Mwongozo huu ni wako wewe mwenye nyumba unayoishi na nyingine unayotaka kuiuza: ya kupangisha pale Ilomba, ya kustaafia uliyoijenga Kihesa ukabadili mawazo, au ile ya Tukuyu unayolala siku nne tu za Krismasi. Unamhusu mkazi wa Tanzania anayeuza kwa jina lake mwenyewe. Kampuni, na mtu asiye mkazi, wana viwango vyao, na ni vikubwa zaidi.

Kodi yenyewe imo kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Inatozwa kwenye faida: bei uliyouzia, ukitoa gharama za kuipata nyumba, kuiboresha na kuiuza. Kwenye faida hiyo unalipa asilimia 10, kwa mkupuo mmoja, kabla jina halijahamishwa. Msajili wa Hati habadilishi jina bila cheti cha TRA. Ofisini utasikia wakiiita kapitali geini, na kwenye karatasi za Kiswahili imeandikwa kodi ya ongezeko la mtaji. Ni kitu hichohicho.

Uwe na hivi mkononi

- Hati miliki halisi. Kama nyumba haina hati, mkataba ulionunulia kiwanja wenye mihuri ya serikali ya mtaa au kijiji.
- Kitambulisho cha NIDA na TIN. TIN hupatikana bure. Usimlipe mtu akutafutie.
- Karatasi zote za gharama (hatua ya 2 inaeleza zipi).
- Stakabadhi ya pango la ardhi ya mwaka huu, pamoja na malimbikizo kama yapo. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ila hakikisha mita ya nyumba hiyo haina deni.
- Ridhaa ya maandishi ya mke au mume. Nyumba ya familia haiuzwi na mtu mmoja. Sheria ya Ndoa inakataza, na mwenzi aliyerukwa anaweza kuyasimamisha mauzo.
- Taarifa za mnunuzi: majina kama yalivyo NIDA, TIN na picha ndogo.
- Kama wewe uko Dar es Salaam au Mwanza na nyumba iko Njombe, hati ya uwakilishi ya kisheria kwa atakayekuzungukia. Barua ya "namruhusu mdogo wangu" haitoshi.

Hatua kwa hatua

1. Kwanza jua kama unadaiwa.

Msamaha unaotajwa sana ni wa nyumba ya kuishi, na wengi wanausikia nusunusu. Masharti yake ni matatu na yote lazima yatimie: umeimiliki mfululizo miaka 3 au zaidi, umeishi humo, mfululizo au kwa vipindi, jumla ya miaka 3 au zaidi, na faida haizidi Sh 15,000,000. Faida ikipita hapo, msamaha umeanguka.

Neno la kushika ni "kwa vipindi". Mtu aliyeishi nyumba yake ya Gangilonga mwaka 2012 na 2013, akahamishwa kikazi, akarudi akaishi tena mwaka mzima wa 2019, ameshatimiza miaka 3. Siku nne za kila Krismasi hazitafika hapo hata kwa miaka thelathini. Ndiyo maana nyumba ya pili kwa kawaida hutozwa. Kiwanja kitupu nacho hakina makazi ya kusamehewa.

Kuna mlango mwingine, wa shamba. Ardhi ya mtu binafsi yenye thamani ya soko chini ya Sh 10,000,000, iliyotumika kwa kilimo angalau miaka 2 kati ya 3 iliyotangulia mauzo, haitozwi. Kipande cha viazi kule Makete kinaweza kuingia. Shamba la parachichi lililokwishakomaa Rungwe au Njombe, kwa bei za siku hizi, mara nyingi limeshapita kiwango hicho.

Hata ukiwa umesamehewa, TRA lazima uende. Msajili wa Hati anataka cheti kinachosema umelipa au hudaiwi.

2. Kusanya gharama zako, karatasi moja moja.

Hapa ndipo kodi inapopungua au kuongezeka. Usiharakishe, tenga hata wikiendi mbili.

Zinazokubalika ni bei ya kununua kiwanja au nyumba, ushuru wa stempu na ada ulizolipa wakati ule, upimaji, michoro na kibali cha ujenzi, vifaa, ufundi, na maboresho ya kudumu kama uzio, kisima, marumaru au chumba cha uani. Ongeza gharama za kuuza: mthamini, wakili, dalali, tangazo. Zisizokubalika ni mlinzi, umeme, kufyeka nyasi, kupaka rangi kila mpangaji anapohama, na samani. Jasho lako mwenyewe la kubeba matofali halihesabiwi pia.

Sasa toa lile boksi la risiti. Risiti za EFD zimechapwa kwenye karatasi inayoshika maandishi kwa joto. Baada ya miaka michache iliyokaa juu ya kabati, chini ya bati linalopata jua, inageuka ya kijivu na namba zinapotea. Iliyobanwa kwenye plastiki hufifia haraka zaidi. Zipige picha leo, moja moja, kwenye mwanga wa dirishani. Kisha toa nakala za A4, risiti nne kwa ukurasa, na pembeni andika kwa kalamu: tarehe, kiasi, kilichonunuliwa. Ikiwa namba ya risiti bado inasomeka, iandike pia. Risiti zilizotangulia EFD, ambazo mashine zake zilianza kutumika mwaka 2010, ni za kuandikwa kwa mkono. Zilete hivyohivyo ilimradi zina jina la duka na muhuri.

Fundi ndiye mtihani. Fundi wa Mwanjelwa hana EFD, na aliyekuletea matofali ya kuchoma kwa fuso hana hata kitabu cha risiti. Palipo na makubaliano yaliyosainiwa, yalete. Pasipo nayo, chapisha taarifa ya miamala ya simu ya miezi ile, uweke alama kwenye malipo ya fundi, kisha mwombe asaini karatasi inayotaja kazi, kiasi, tarehe na namba yake ya NIDA. Afisa anaweza kukubali au kukataa. Ila karatasi iliyosainiwa ikiambatana na muamala unaolingana nayo ina uzito. Maneno matupu hayana.

Panga yote kwenye jedwali la safu nne: tarehe, maelezo, kiasi, namba ya kiambatanisho. Ukurasa wa kwanza wa faili uwe jumla. Afisa anayeiona jumla na kuifuata hadi kwenye risiti anamaliza kazi yako mapema. Aliyerushiwa boksi atakata pale atakapochoka kusoma.

Jambo moja linaumiza, na ni bora ulijue mapema: sheria haikuongezei chochote kwa ajili ya mfumuko wa bei. Saruji uliyonunua mwaka 2006 inahesabiwa kwa bei ya 2006. Aliyejenga zamani ndiye anaonekana kuwa na faida kubwa, ingawa shilingi yake ile ilikuwa na nguvu kuliko ya leo.

3. Linganisha majina.

Hati inasema jina moja, NIDA linasema lingine, TIN lina herufi iliyozidi. Rekebisha kabla ya kuuza, kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au kwa kubadili jina rasmi pale tofauti ni kubwa. Hati ikiwa na majina mawili, kila mwenye jina awe na TIN, na faida igawanywe kwa hisa zao.

Hati bado ina jina la marehemu? Simama hapo. Barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kisha jina liende kwa msimamizi, ndipo mauzo yafuate. Tafuta na karatasi za marehemu za kununulia na kujengea, usizitupe na magazeti.

4. Pata ripoti ya mthamini.

Awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, na ripoti iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali au anayekaimu mamlaka yake mkoani. Ripoti isiyoidhinishwa haifanyi kazi TRA wala ardhi. Mpeleke mthamini nyumbani mwenyewe umweleze ukweli: mpaka uliohama, nyufa, choo kisichofanya kazi, barabara inayokatika masika. Asipoviona, ataithamini nyumba kama nzima, na kodi itafuata thamani hiyo.

5. Andika mkataba wa mauzo kwa wakili, bei ya kweli.

Mkataba utaje nani analipa kodi ipi. Kwa sheria, kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji; ushuru wa stempu wa asilimia 1 hulipwa na mnunuzi. Mnaweza kukubaliana mnunuzi abebe yote, lakini TRA itakuandikia wewe kwa TIN yako, na asipolipa, deni ni lako.

Weka kifungu hiki: sehemu ya bei inayotosha kodi ibaki kwa wakili hadi TRA itakapotoa hesabu. Kinawalinda wote. Muuzaji hatakuwa ameshakula hela ya kodi, na mnunuzi hatashikilia hati isiyohamishika.

Mkilipana kwa awamu, awamu ya kwanza iwe kubwa kuliko kodi yote. Kodi haisubiri awamu ya tatu.

6. Piga hesabu yako mwenyewe kabla ya kwenda.

Chukua nyumba ya Uyole inayouzwa Sh 95,000,000:

- Kiwanja: 8,000,000
- Ujenzi wenye ushahidi: 38,500,000
- Uzio na kisima: 4,200,000
- Mthamini: 450,000
- Wakili: 1,000,000
- Dalali (kwa stakabadhi): 2,850,000
- Jumla ya gharama: 55,000,000
- Faida: 40,000,000
- Kodi, asilimia 10: 4,000,000

Kama ujenzi ulikula 46,000,000 na ushahidi ni wa 38,500,000 tu, zile 7,500,000 zisizo na karatasi zimekuongezea kodi ya Sh 750,000.

Mkazi asiye na kumbukumbu za gharama kabisa ana njia nyingine: asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Hapa hakuna suala la faida. Hata ukiuza kwa hasara unalipa. Angalia nyumba ya Kihesa iliyonunuliwa Sh 70,000,000 na kuuzwa 78,000,000, gharama za kununua na kuuza 3,000,000. Faida ni 5,000,000, kodi 500,000. Mwenye nyumba hiyohiyo akipoteza mkataba na risiti, atalipa asilimia 3 ya 78,000,000, yaani 2,340,000. Mkataba uliopotea umemgharimu Sh 1,840,000.

Wenye hesabu kali watakuwa wameshaona kwamba faida ikizidi asilimia 30 ya bei, asilimia 3 ni ndogo kuliko asilimia 10 ya faida, na nyumba ya Uyole iko upande huo. Usivutike kuficha karatasi. Njia hiyo ni ya asiye na kumbukumbu. Kama ulinunua nyumba kwa mkataba rasmi, bei yako tayari iko kwenye jalada la ofisi ya ardhi, na kutamka kwamba huna kitu ni kutoa taarifa ya uongo kwa TRA.

7. Peleka faili TRA.

Nenda ofisi ya TRA ya mkoa au wilaya nyumba ilipo. Faili liwe na barua ya kuomba kukadiriwa kodi ya mauzo ya nyumba, mkataba wa mauzo, ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa, nakala ya hati, jedwali la gharama na viambatanisho, TIN na vitambulisho vya pande zote mbili. Beba nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

Afisa ataangalia bei ya mkataba na thamani ya mthamini. Mkataba ukiwa chini, tarajia ile kubwa ndiyo itumike. Kama uliuza chini kwa sababu ya msingi, mfano nyumba ina kesi ya mpaka, weka ushahidi ndani ya faili siku hiyohiyo.

8. Lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo.

Ndiyo ile inayoitwa kontrolo namba. Kabla ya kulipa soma mambo matatu: jina la mlipaji, TIN, na aina ya kodi. Lipa benki au kwa simu. Usimpe mtu yeyote taslimu "akulipie mfumo ukirudi".

9. Chukua cheti cha TRA, kisha ardhi.

Cheti kitaje namba ya kiwanja na kitalu kama zilivyo kwenye hati. Kisome hapohapo kaunta. Kosa la "Kitalu T" kuwa "Kitalu F" litakurudisha kwenye foleni.

Ofisi ya ardhi inataka fomu namba 29 ya taarifa ya uhamisho, namba 30 ya maombi ya idhini, na namba 35 ya uhamisho wenyewe, pamoja na hati halisi, stakabadhi za pango, cheti cha TRA na ushuru wa stempu uliolipwa. Tangu ofisi za ardhi zifunguliwe katika kila mkoa, mtu wa Iringa au Njombe halazimiki kupanda basi hadi Mbeya kwenye ofisi ya kanda kama zamani.

Makosa yanayojirudia

*Mikataba miwili.* Mmoja wa bei ya kweli, mwingine wa TRA wenye bei ndogo. Kwanza ni kosa la jinai. Pili unamwangamiza mnunuzi: akiuza baadaye, gharama yake inayotambulika ni ile bei ndogo, kwa hiyo atalipa kodi ya faida yako pamoja na yake. Mnunuzi, ukiombwa kusaini mkataba wa namna hiyo, kataa.

*Kuchanganya asilimia 10 mbili.* Kuna mitaa ambako viongozi hudai asilimia 10 ya bei ili kugonga muhuri. Hiyo si kodi ya TRA, na kuilipa hakupunguzi hata shilingi ya unachodaiwa. Ukitakiwa kulipa chochote mtaani, omba stakabadhi ya serikali.

*Kusahau kodi ya pango la nyumba.* Nyumba iliyokuwa na wapangaji ilipaswa kulipiwa kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango. Ukifungua faili la mauzo, swali hilo hufuata. Liweke sawa mapema.

*Kumwandikia mtoto.* Kumhamishia mwanao au ndugu kwa bei ya chai hakuondoi kodi. Kwa watu wa karibu TRA hutumia thamani ya soko.

*Kutumia viwango vya mwaka jana.* Sheria ya Fedha mpya huanza Julai 1. Ukiuza Juni na kufungua faili Agosti, uliza kwanza kama kuna kilichobadilika.

Ukikwama

*Makadirio ni makubwa kuliko hesabu yako.* Omba mchanganuo kwa maandishi, uone gharama zipi zimekataliwa. Mara nyingi ni kiambatanisho kisichosomeka. Leta nakala nzuri. Msipoelewana, una siku 30 tangu kupokea makadirio kuweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Pingamizi hupokelewa ukiwa umelipa kiasi usichobishania au theluthi moja ya makadirio, kile kilicho kikubwa, ingawa unaweza kuomba kupunguziwa kiasi hicho. Siku 30 zinakwenda haraka, kwa hiyo weka pingamizi hata kama bado mnazungumza na afisa.

*Ripoti ya mthamini iko juu mno.* Rudi kwa mthamini kabla ya kwenda TRA, na hoja kuhusu hali ya jengo na bei za jirani. Baada ya makadirio kutoka, safari ya kuirekebisha ni ndefu.

*Umelipa, mfumo hauonyeshi.* Chapisha uthibitisho wa benki au ujumbe wa simu wenye kumbukumbu namba, upeleke kaunta ya TRA. Usilipe mara ya pili.

*Nyumba haina hati.* Kodi bado ipo, maana inatozwa kwenye maslahi katika ardhi na jengo, iwe na hati au isiwe nayo. Funga mauzo kwa wakili, lipa, na umpe mnunuzi nakala ya cheti. Ataihitaji siku atakapoomba hati.

*Mnunuzi amekaa na makaratasi, hahamishi jina.* Pango la ardhi linaendelea kuja kwa jina lako. Kwenye mkataba weka siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu 35 na umruhusu wakili aziwasilishe mwenyewe. Kama mkataba umeshasainiwa bila kifungu hicho, iandikie ofisi ya ardhi ya mkoa barua ya kuwajulisha mauzo, ukiambatisha mkataba na cheti cha TRA, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.